Wasifu wa Jozef Kroner, Mwigizaji wa Slovakia

Soma kifungu kifuatacho kisha ujibu maswali.

Ukiombwa umtaje mwigizaji maarufu, huenda ukamtaja kijana mtanashati anayewashinda maadui wote na kumwoa mrembo mwishoni mwa filamu. Jozef Kroner hakuwa mtu wa aina hiyo. Sura yake ilikuwa ya kawaida, kama ya fundi unayepishana naye sokoni. Sura hiyo ndiyo iliyomfikisha mbali, kwa sababu watazamaji walimwona jirani yao ndani yake, na wakati mwingine walijiona wenyewe.

Kroner alizaliwa tarehe 20 Machi 1924 katika kijiji cha Staškov, kaskazini mwa Slovakia. Wakati huo Slovakia ilikuwa sehemu ya nchi iliyoitwa Chekoslovakia. Hakupitia chuo cha sanaa. Alijifunza uigizaji katika vikundi vya ridhaa, yaani vikundi vya watu wenye kazi nyingine ambao huigiza kwa mapenzi tu. Baadaye aliajiriwa katika ukumbi wa maigizo wa mji wa Martin, na mwaka 1956 akajiunga na Ukumbi wa Taifa wa Maigizo mjini Bratislava. Sanaa ilikuwa imeingia hata nyumbani kwake: mkewe Terézia, kaka yake Ľudovít na binti yake Zuzana wote walikuwa waigizaji.

Kazi iliyompa umaarufu duniani ni filamu ya Obchod na korze, yaani Duka katika Barabara Kuu, iliyoongozwa na Ján Kadár na Elmar Klos mwaka 1965. Ili uielewe, kumbuka historia kidogo. Kuanzia mwaka 1939, Slovakia ilitawaliwa na serikali iliyoshirikiana na Ujerumani ya Hitler. Serikali hiyo iliwapokonya Wayahudi mali zao, na katika mwaka 1942 ikawasafirisha kwa treni Wayahudi wapatao 58,000 hadi kwenye kambi za mateso na mauaji. Waliorudi walikuwa wachache sana.

Katika filamu hiyo, Kroner ni Tóno Brtko, seremala maskini asiyependa siasa. Mume wa dada ya mkewe, ambaye ni mkubwa katika utawala mpya, anampa usimamizi wa duka la mjane Myahudi, Rozália Lautmannová. Mke wa Tóno anafurahi akidhani utajiri umebisha hodi. Kumbe duka lenyewe linauza vifungo na nyuzi, na limefilisika! Bi. Lautmannová naye ni mkongwe asiyesikia vizuri. Hajui kwamba sheria imempokonya duka lake, kwa hiyo anamchukulia Tóno kuwa msaidizi aliyekuja kumfanyia kazi. Wayahudi wa mji wanamlipa Tóno kwa siri ili abaki dukani na kumlinda. Taratibu, wawili hao wanapendana kama mama na mwana.

Hadi hapo utacheka. Kisha amri inatoka kwamba Wayahudi wote wakusanyike uwanjani. Tóno anatazama kupitia dirisha la duka huku akinywa pombe. Dakika moja anataka kumficha ajuza huyo. Dakika inayofuata woga unamshika na anataka kumtoa nje ili ajiokoe mwenyewe. Katika purukushani anamsukuma chumbani asionekane na askari, naye anaanguka na kufa. Tóno anapotambua alilolitenda, anajitoa uhai.

Tazama ugumu wa kazi ya Kroner hapa. Angemwigiza Tóno kama mwovu, tungemchukia na kulala usingizi mzuri. Angemwigiza kama mtakatifu, tungemlilia na kusahau. Yeye alituonyesha mtu mwema kiasi na mwoga kiasi, ambaye hakuanzisha uovu lakini alikubali kunufaika nao kidogo. Hapo ndipo swali linapomgeukia mtazamaji: wewe ungefanya nini?

Katika tamasha la Cannes nchini Ufaransa mwaka 1965, Kroner na mwenzake Ida Kamińska, mwigizaji Myahudi kutoka Poland, walitajwa kwa heshima maalumu kwa uigizaji wao. Mwaka 1966 filamu hiyo ilipata tuzo ya Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni, na ikawa ya kwanza kutoka Chekoslovakia kufanya hivyo.

Umaarufu haukumfunga Kroner katika aina moja ya uhusika. Mwaka 1975 aliwavunja watu mbavu alipoigiza jambazi Pacho katika futuhi ya Pacho, hybský zbojník. Mwaka 1983 aliigiza Martin Pichanda, baba wa familia ya waashi, katika filamu ya Tisícročná včela. Nje ya kazi alipenda sana kuvua samaki. Alifariki mjini Bratislava tarehe 12 Machi 1998, siku nane tu kabla ya kutimiza miaka 74.

Maswali

1. Sura ya Kroner ilimsaidiaje katika kazi yake? (alama 2)
2. Eleza kinaya kinachojitokeza katika uhusiano wa Tóno na Bi. Lautmannová. (alama 3)
3. Kwa kurejelea kifungu, thibitisha kuwa Tóno anakabiliwa na mgogoro wa nafsi. (alama 3)
4. "Filamu ya Obchod na korze ni tanzia-ramsa." Jadili. (alama 4)
5. Eleza maana ya maneno haya kama yalivyotumiwa katika kifungu: ridhaa, ajuza, futuhi. (alama 3)

Kidokezo: Katika swali la 3, usiandike tu kwamba Tóno ni mwoga. Onyesha pande zote mbili zinazomvuta, kisha utaje tendo linalothibitisha kila upande. Mtahiniwa anayetaja upande mmoja hupoteza alama.