Padre Spallanzani na Mayai ya Chura

Wako watu wasemao kwamba dini na elimu ya maumbile haziwezi kukaa nyumba moja. Hao twawaomba wayatazame maisha ya Padre Lazzaro Spallanzani.

Alizaliwa mwaka 1729 mjini Scandiano, katika nchi ya Italia. Alipelekwa Bologna kusoma sheria, lakini huko jamaa yake Laura Bassi, mwanamke aliyekuwa profesa, alimvuta kwenye elimu ya maumbile. Akapewa upadre, na tangu mwaka 1769 hata alipofariki mwaka 1799 alikuwa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Pavia.

Siku zile hakuna aliyejua kwa hakika yai huamshwa na nini hata likawa kiumbe. Wengine walidhani kwamba mvuke tu wa mbegu ya kiume watosha. Padre hakutaka kubahatisha. Aliwavika vyura madume visuruali vya kitambaa kilichotiwa nta, akawaacha pamoja na majike. Mayai yakatagwa, yakaharibika. Kisha akautwaa umajimaji uliobaki katika visuruali, akayapaka mayai mengine, nayo yakatoa viluwiluwi. Mayai yaliyofikiwa na mvuke peke yake hayakuamka. Baadaye alimtia mbwa jike mbegu kwa bomba la sindano. Baada ya siku 62 akazaa watoto watatu.

Tena akaichuja mbegu kwa karatasi. Maji yaliyopita hayakuwa na nguvu. Masalio ya karatasini yakayaamsha mayai. Basi ushahidi ulikuwa mkononi mwake, kwamba vile vijidudu viogeleavyo katika mbegu ndivyo vifanyavyo kazi. Lakini yeye alishika wazo lake la zamani, kwamba mnyama mzima amekwisha kuumbwa ndani ya yai, akaupita ushahidi wake mwenyewe.

Mwaka 1876 Oscar Hertwig alieleza jinsi kiini cha mbegu na kiini cha yai vinavyoungana. Leo twajua kwamba mbegu ikiingia, kalisi iliyohifadhiwa ndani ya yai hufunguliwa, ikaenea kama wimbi, ndipo yai huanza kugawanyika.

Kosa la Padre halipunguzi heshima yake, ila latuonya sisi. Mtoto akileta viluwiluwi nyumbani katika kopo, tusimkemee. Tumfundishe kuitazama vema kazi ya Muumba, na kukikubali alichokiona, hata kikipinga alichokwisha kudhani.