James Franck: aligundua siri ya atomu, akapinga bomu la uraniumu ya Shinkolobwe

Watu wa Likasi na Kambove wanajua kwamba sehemu kubwa ya uraniumu ya mabomu ya kwanza ya Marekani ilichimbwa Shinkolobwe, kwao Katanga. Wachache wanajua kwamba ndani ya kazi hiyo ya siri mlikuwa mtu aliyejaribu kuzuia bomu lisitupwe juu ya mji: mwanafizikia James Franck.

Alizaliwa Hamburg, Ujerumani, mwaka wa 1882, katika familia ya Kiyahudi. Baba yake, mfanyabiashara wa benki, alimtuma kusoma sheria. Kijana akaacha sheria, akaenda Berlin kusoma fizikia.

Mwaka wa 1914, yeye na Gustav Hertz walipitisha elektroni ndani ya chupa yenye mvuke wa zebaki. Elektroni za mwendo mdogo ziligonga atomu na kuruka bila kupoteza kitu cha maana. Nguvu ya umeme ilipofika volti 4.9, zilipoteza nguvu zote kwa mara moja, na zebaki ikatoa mwanga usioonekana kwa macho. Atomu ilifanya kama muuza unga sokoni asiyekubali kupima nusu kopo: kopo nzima, ama hakuna. Niels Bohr alikuwa amesema hivyo kwa hesabu mwaka mmoja mbele. Sasa kulikuwa ushahidi. Franck na Hertz walipata Tuzo ya Nobel ya mwaka wa 1925.

Wanaopiga hesabu leo za jinsi elektroni zinavyoamsha atomu zilizonyang'anywa elektroni nyingi, kama chuma iliyo katika hewa ya juu ya jua, kwenye joto la zaidi ya digri milioni, wanafuata njia hiyohiyo. Tofauti ni kwamba ngazi za kuhesabu ni nyingi sana, na kazi inataka kompyuta kubwa.

Mwezi wa nne 1933, serikali ya Hitler ilitoa sheria ya kufukuza Wayahudi katika kazi za serikali. Franck hakuguswa, kwa kuwa alipigana Vita ya Kwanza ya Dunia na kupewa nishani. Angeweza kunyamaza na kubaki na mshahara wake. Alijiuzulu hadharani huko Göttingen. Walimu 42 wa chuo walitia sahihi, si kumuunga mkono, bali kumlaumu.

Alipitia Denmark, akafika Marekani. Wakati Wajerumani walivamia Copenhagen mwaka wa 1940, medali yake iliyofichwa kwa Bohr iliyeyushwa ndani ya asidi ili isikamatwe. Kisha vita dhahabu ile ikafinyangwa upya.

Alipoingia kazi ya bomu huko Chicago, aliweka sharti: bomu likiwa tayari, maoni yake yasikilizwe na wakubwa. Mwezi wa sita 1945 aliongoza kamati ya watu saba walioomba bomu lionyeshwe kwanza jangwani ao kisiwani bila watu. Walionya pia kwamba mataifa yatashindana kutengeneza silaha hizo. Franck alipeleka barua mwenyewe Washington, lakini hakuonana na Waziri wa Vita Henry Stimson. Karibu miezi miwili nyuma, Hiroshima ikaungua, halafu Nagasaki.

Franck alirudi kwenye utafiti wa namna majani yanavyotumia mwanga wa jua. Alifariki tarehe 21 mwezi wa tano 1964, akiwa matembezini Göttingen, mji uleule alioacha mwaka wa 1933.