Kalamu ya gavana na maisha ya Kipchomber

Mwanafunzi wa Sosiot, aliyezungukwa na mashamba ya chai, hulijua jina la Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi aliyepigwa risasi na Waingereza mwaka 1905. Nduguye, Kipchomber arap Koilegen, hukumbukwa zaidi na wazee wa Kipsigis. Hata hivyo, maisha yake ndiyo yanayodhihirisha vyema mamlaka ya gavana wa kikoloni.

Baba yao, Kimnyole arap Turukat, alikuwa orkoiyot wa Wanandi, yaani mwaguzi na mshauri mkuu, hadi alipouawa na watu wake mwaka 1890. Ndugu hao wakawania urithi. Koitalel alishinda, Kipchomber akahamia kwa Wakipsigis, akawa orkoiyot wao. Waingereza walimwita laiboni, neno walilolitoa kwa Wamaasai. Hawakujali kumwita kwa jina lake, ila nguvu zake waliziogopa.

Kipchomber hakuuawa kwa risasi. Aling'olewa kwa amri. Mwaka 1914, Sir Henry Belfield akiwa gavana, alipelekwa uhamishoni Fort Hall, ambayo leo ni Murang'a. Huko ndiko alikofariki mwaka 1916. Sheria ya mwaka 1909 ilimwezesha gavana kumhamisha Mwafrika pasipo kesi mahakamani. Sheria hiyo ndiyo iliyompeleka Harry Thuku Kismayu mwaka 1922.

Kifo chake hakikukomesha hofu ya watawala. Mwaka 1934, chini ya Gavana Sir Joseph Byrne, ilitungwa sheria mahususi ya kuwahamisha malaiboni. Ukoo wa Talai, watu wapatao 700, wazee kwa watoto, ukapelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria. Baraza lililopitisha sheria hiyo halikuwa na Mwafrika hata mmoja. Wa kwanza, Eliud Mathu, aliingia mwaka 1944. Kosa la mtoto wa Talai lilikuwa nini, isipokuwa kuzaliwa?

Tangu mwaka 2013, Kericho ina gavana anayechaguliwa kwa kura na anayeweza kuondolewa madarakani kwa mujibu wa Katiba. Neno ni lile lile, maana imegeuka. Basi, mwalimu mwenzangu, unapolifafanua neno hilo darasani, usiishie kwenye kamusi. Wasimulie wanafunzi habari za Kipchomber, wapate kujua kwa nini kalamu ya mtawala hutakiwa kuwekewa mipaka.