Adrien Atiman, Mtoto Aliyekombolewa Akawa Mganga wa Wengi

Ng'ambo ya Ziwa letu la Tanganyika, katika nchi ya Tanzania, iko misheni ya Karema. Huko aliishi Adrien Atiman, ambaye wazee wa pande zote mbili za ziwa walilijua jina lake. Yafaa tuyajue maisha yake, kwa maana yanawahusu watoto walio katikati yetu.

Atiman alizaliwa yapata mwaka 1866 katika nchi ya Mali, karibu na mto Niger. Angali mtoto mdogo, alitekwa na wafanya biashara ya watumwa, akavushwa jangwa la Sahara na kuuzwa kama mzigo. Wamisionari wa Afrika, ndio Mapadre Weupe, walimkuta huko Algeria, wakamkomboa kwa fedha.

Lakini fikirini: kama wangalimkomboa na kumwacha njiani, ingalikuwaje? Mtoto asiye na baba wala mama angalikamatwa tena kabla jua halijatua. Basi walimpa chakula, mavazi na malezi, wakamfundisha kusoma. Mwaka 1882 alibatizwa. Kisha Kardinali Lavigerie, aliyekuwa amefungua chuo katika kisiwa cha Malta mwaka 1881 kwa vijana wa Kiafrika waliokombolewa, alimpeleka huko ajifunze uganga. Atiman alimaliza masomo mwaka 1888.

Mwaka 1889 alifika Karema. Alimwoa Agnes, binti wa ukoo wa utawala wa nchi ile, na mwana wao Yosefu alipata upadre mwaka 1923. Atiman alitibu homa na majeraha, alipasua palipohitajika kupasua, na hakudharau miti shamba iliyofaa. Tena alifundisha katekisimu. Kazi hiyo aliifanya zaidi ya miaka 60, mpaka alipofariki mwaka 1956. Hakurudi kuishi katika nchi aliyozaliwa. Wagonjwa wa Karema walikuwa ndio jamaa zake.

Hata upande wetu, huko Kibanga katika Ubwari, misheni ilifunguliwa mwaka 1883, na watoto waliokombolewa utumwani walilelewa pale. Basi habari hii si ya mbali.

Siku hizi minyororo ile haipo tena, lakini watoto wanyonge wapo. Wako waliofiwa na wazazi kwa ugonjwa wa SIDA, na wako ambao wazazi wao ni wagonjwa na maskini. Hapa Misisi mtoto wa namna hiyo asipopata mlezi, machimbo ya dhahabu humwita upesi. Huacha shule, huchekecha mchanga na kubeba mifuko, na fedha yake huliwa na wengine.

Tena wako wanaomtengea mtoto sahani na mkeka, wakiogopa ugonjwa. Hofu hiyo haina msingi. SIDA haiambukizwi kwa kula pamoja, wala kwa kushikana mikono, wala kwa kulala nyumba moja. Mtoto mwenye virusi, akinywa dawa zake kila siku kama alivyoagizwa katika kituo cha afya, aweza kukua, kusoma na kufanya kazi. Mama mjamzito naye, akipimwa mapema na kutumia dawa, humkinga mtoto wake kwa sehemu kubwa.

Kumpa yatima unga siku moja ni jambo jema, lakini ni sawa na kumkomboa mtumwa na kumwacha jangwani. Apewe mahali penye moto wa jioni, daftari la shule, na mtu mzima wa kumkumbusha dawa. Nyumba moja ikishindwa, nyumba tatu zishirikiane: hii impe chakula, ile imlipie shule, nyingine impeleke kwa mganga.

Waliomnunua Atiman jangwani walimwona mtoto mchovu tu. Hawakujua kwamba wameinunua afya ya watu wengi wa Karema. Nasi hatujui ni nani aliyeketi mlangoni petu jioni hii. Tumkaribishe ndani.