Wolfgang Doeblin: Akiba Isiyooza

Akiba haiozi, walinena wahenga. Methali hii yamwafiki Wolfgang Doeblin, mwanahisabati aliyefariki akiwa na umri wa miaka 25, na ambaye kazi yake kuu ilikaa gizani kwa miaka 60.

Doeblin alizaliwa jijini Berlin, Ujerumani, tarehe 17 Machi 1915. Babaye, Alfred Döblin, alikuwa daktari na mwandishi mashuhuri wa riwaya. Kwa kuwa jamaa hiyo ilikuwa ya Kiyahudi, iliihama nchi yake mwaka 1933 Hitler alipotwaa mamlaka, na hatimaye ikapata makao jijini Paris na uraia wa Ufaransa. Huko Doeblin alizamia nadharia ya uwezekano, akatunukiwa shahada ya uzamifu mwaka 1938. Mwaka huohuo aliingia jeshini.

Vita vilipozuka, alikuwa askari wa simu. Nyakati za usiku alijaza hesabu zake katika daftari la shule. Lililomshughulisha ni mwendo wa chembe inayosukwasukwa bila mpango, mithili ya punje juu ya maji. Alionyesha kuwa njia ya chembe hiyo yaweza kuchanganuliwa katika sehemu mbili. Ya kwanza ni mkondo unaoielekeza. Ya pili ni kuyumba kwa nasibu, nako si kingine ila mwendo wa Brown ambao saa yake haiendi sawasawa: huharakisha msukosuko unapozidi, hukawia unapopungua.

Februari 1940 aliituma kazi hiyo kwa Akademia ya Sayansi ya Paris ndani ya bahasha iliyotiwa lakiri. Bahasha ya aina hiyo hulinda haki ya mwandishi pasi na kufichua siri yake. Tarehe 21 Juni, majeshi ya Wanazi yalipokaribia kijiji cha Housseras, Doeblin alichoma karatasi alizokuwa nazo, kisha akajitoa uhai asije akatekwa.

Mwaka 1951 Kiyosi Itô wa Japani, bila kujua lolote kuhusu daftari lile, alichapisha kanuni ambayo ni nguzo ya taaluma hiyo. Bahasha ilipofunguliwa mwezi Mei mwaka 2000, wataalamu walikuta ndani yake kanuni inayokaribiana mno na hiyo. Heshima ya Itô haikupungua, kwani alifika kwa njia yake mwenyewe. Ila ya Doeblin ilirejeshwa.

Alfred Döblin hakuishi kuishuhudia siku hiyo. Alifariki mwaka 1957, akazikwa Housseras kando ya mwanawe, lakiri ingali haijabanduliwa.