Imamu Shafii: Mwanachuoni Aliyerudi Nyuma ya Rai Yake

 

Katika visiwa vyetu, mtoto anapopelekwa chuoni hufundishwa kuleta nia ya udhu, kusoma Bismillahi pamoja na Fatiha, na kuleta kunuti katika itidali ya pili ya swala ya Alfajiri. Wengi wetu tumeyafanya hayo tangu utotoni bila ya kujua ni mwanachuoni gani aliyezichambua dalili zake. Na siku hizi mambo hayo hayo yanatugombanisha. Baba analeta kunuti, mwana aliyerudi masomoni amekaa kimya, kisha anamwambia baba yake kuwa amefanya bidaa. Baba naye anaona mwanawe amewatupa wazee wake. Suala hili tumeulizwa mara nyingi, nasi tumeona kheri tuanze na maisha ya mwenye madhehebu.

Jina lake ni Muhammad bin Idris, wa ukoo wa Bani Muttalib katika Makureshi. Alizaliwa Ghaza mwaka 150 Hijria (767), mwaka ule ule aliofariki Imamu Abu Hanifa. Baba yake alikufa yeye akiwa mdogo sana. Mama yake akamchukua hadi Makka akiwa na umri wa kama miaka miwili, ili asikulie mbali na jamaa zake ikapotea nasaba yake.

Mama huyo hakuwa na kitu. Ujira wa mwalimu haukuwapo, na mwalimu akaridhika kuwa mtoto amshikie darasa kila anapotoka. Akahifadhi Qur'ani akiwa na miaka saba. Karatasi ilikuwa ghali, basi akiandika juu ya mifupa, na akienda katika ofisi za watawala kuomba karatasi zilizokwisha tumika ili aandike upande wa nyuma. Kina mama wanaolea mayatima peke yao, na mzijue habari za mama huyu.

Alikaa jangwani na kabila la Hudhayl akajifunza Kiarabu fasaha na mashairi yao. Fikihi aliisoma Makka kwa Mufti Muslim bin Khalid az-Zanji. (Msomaji wa kwetu huenda likamshtua jina hilo, baadhi ya wanahistoria wanasema aliitwa hivyo kwa utani, kwa kuwa alikuwa mweupe.) Kisha akahifadhi Muwatta, kitabu cha Imamu Malik, na ndipo akaenda Madina kumsomea mwenyewe. Alibaki mwanafunzi wake hadi Malik alipofariki mwaka 179.

Baada ya hapo alishika kazi ya serikali Yemen, na huko akasingiziwa kuwa anaunga mkono uasi. Mwaka 184 alipelekwa chini ya ulinzi mbele ya Khalifa Harun Rashid, na kichwa chake kilikuwa hatarini. Miongoni mwa waliomtetea ni Muhammad bin Hasan ash-Shaybani, mwanafunzi mkubwa wa Abu Hanifa. Imamu Shafii aliponusurika hakurudi kwao mara moja. Alikaa Iraq akamsomea Sheikh huyo, akanakili vitabu vyake mpaka vikatimia mzigo wa ngamia. Alijadiliana naye sana, wala hakuacha kumsifu.

Mwaka 195 alirudi Baghdad akiwa mwalimu, na rai alizozitoa huko ndizo zinazoitwa kauli ya zamani. Kama miaka minne baadaye akahamia Misri. Huko aliwakuta wanafunzi wa Layth bin Saad, akasikia hadithi ambazo hazikuwa zimemfikia, akayapima upya aliyokuwa ameyaandika. Mengi aliyabadilisha. Watu walikuwa wamekwisha kuzibeba fatwa zake za mwanzo, naye hakuona haya kusema kuwa amerudi nyuma. Hiyo ndiyo kauli mpya, iliyomo katika kitabu chake al-Umm.

Tena wafuasi wake nao walimfanyia vivyo hivyo. Katika kauli mpya alisema wakati wa Magharibi ni mfinyu: kiasi cha kutawadha, kujisitiri, kuadhini, kukimu na kuswali rakaa tano. Lakini Imamu Nawawi na wenzake waliona hadithi sahihi inaunga mkono kauli ya zamani, kwamba wakati unaendelea hadi wekundu wa mbinguni upotee. Hiyo ndiyo tunayoifuata leo. Walimwacha kwa amri yake mwenyewe, maana alikwisha usia kuwa hadithi ikisihi, hiyo ndiyo madhehebu yake.

Mwanafunzi wake Yunus as-Sadafi alisimulia kuwa siku moja walibishana katika mas'ala wakaachana bila ya kuafikiana. Walipokutana tena, Imamu alimshika mkono akamuuliza kama haiwezekani wakabaki ndugu hata wakihitilafiana katika mas'ala moja.

Alifariki Misri mwishoni mwa Rajab mwaka 204 (820), akiwa na miaka 54, baada ya maradhi yaliyomtoa damu nyingi.

Sasa jibu. Kunuti ya Alfajiri kwa Imamu Shafii ni sunna. Anayeisahau husujudu sijida ya kusahau, na aliyeiacha swala yake haibatiliki. Kwa hiyo baba anayeswali nyuma ya imamu asiyeleta kunuti swala yake ni sahihi. Na kijana asiyeiona kuwa ni sunna asitoke safuni wala asimwite baba yake mzushi, kwani mzee ana dalili na ana imamu. Imamu Ahmad bin Hanbal, aliyekuwa mwanafunzi wa Shafii, hakuona kunuti ya kila siku katika Alfajiri. Pamoja na hayo alifundisha kuwa anayeswali nyuma ya imamu anayeileta amfuate na aitikie amin kwa dua yake. Ahmad huyo huyo alikuwa akimwombea Shafii kwa miaka mingi baada ya kufa kwake, mpaka mwanawe akamuuliza ni mtu gani huyo asiyekosekana katika dua zake.

Wallahu aalam.