Msiri, mfalme aliyeshika mlango wa shaba

Huku kwetu Lualaba, tangu Mashamba mpaka Bunkeya, nani hajasikia jina la Msiri? Lakini wengi tunajua paka kifo chake. Leo tuangalie namna alivyotawala.

Jina lake la kwanza ni Ngelengwa. Alizaliwa karibu mwaka 1830 kwa Wasumbwa, Tanzania ya leo. Baba yake, Kalasa, alikuwa anakuja huku kununua shaba. Mtoto naye akafuata njia ile ile, karibu mwaka 1856, na watu wenye bunduki. Hakurudi tena. Alijenga Bunkeya, na watu wake wakaitwa Wayeke, ni kusema wawindaji wa tembo.

Msiri alielewa kwamba mwenye mali asiposhika mlango, bei itapangwa na mgeni. Machifu walimletea ushuru wa shaba, chumvi na pembe. Wafanyabiashara wa Zanzibar kule mashariki, na wa Benguela kule magharibi, wote walipitia kwake, wakaleta bunduki, baruti na vitambaa. Hakutegemea mnunuzi mmoja.

Tena alijua kuvuta watu bila vita. Alioa wanawake wa makabila mengi, na hata Maria de Fonseca, mwenye damu ya Kireno, kutoka Angola. Mwaka 1886 alimpokea mmisionari Frederick Arnot, akamwacha akae. Vile jina lake likazidi kujulikana Ulaya.

Lakini tusifiche: aliuza watu vilevile, na mkono wake ulikuwa mzito juu ya wenyeji. Wasanga, mafundi wa kuyeyusha shaba, walichoka.

Mwaka 1890 Mwingereza Alfred Sharpe alimletea karatasi ya mkataba, Msiri alikataa. Mwaka uliofuata wakaja watu wa Leopold II, wakiongozwa na Stairs, wakitaka bendera yao ipandishwe. Akakataa tena. Tarehe 20 Desemba 1891 Kapiteni Bodson alimpiga risasi. Bodson naye aliuawa.

Juu ya nini ufalme ule uliangukia siku moja? Juu Wasanga walikuwa wamekwisha kuasi, na njaa ilikuwa Bunkeya. Aliowaonea hawakusimama kumtetea. Mwaka 1906 Union Minière ikaundwa, na maamuzi ya shaba yetu yakahamia Bruxelles.

Leo tena tunasikia habari ya mlango. Mwezi wa pili 2025 serikali ilisimamisha kuuza kobalti nje, na mwezi wa kumi ikaanza kupimia kila kampuni kiasi chake. Ni nguvu kubwa, maana kobalti nyingi ya dunia inatoka kwetu. Lakini Msiri pia alikuwa na nguvu mbele ya wageni. Kilichomponza ni nyumba yake. Bei ikipanda, na mchimbaji na mama anayelisha watoto waione kwenye sahani. Mlango kama huo utalindwa na wote.